Kufuli la Mtani

Kwamkole, Handeni
9 Julai 2024

Kwako Mheshimiwa Stefano Shehiza, Mbunge, mla magimbi,

Ama baada ya salamu ambazo kwa kweli hukustahili kuzipata, pokea jogoo. Anaitwa Waziri. Ni kishingo, ana hasira za karibu, na asipofungwa vizuri atamdonoa Muhsin kondakta wa basi, ndiyo maana nimemweka kwenye kapu lenye kifuniko. Nimeandika barua kwa sababu simu yako siku hizi inapokelewa na mtu mwingine, naye kila nikipiga ananiambia Mheshimiwa yuko kikaoni. Utani hauachiwi ujumbe kwa mtu wa kati, hilo unalijua.

Jumamosi ulitupata, nakiri. Ulipoitwa jukwaani kuwa mgeni rasmi kwenye maonyesho yetu ya wajasiriamali, nikajua tu kwamba Msambaa huyu hawezi kupita mbele ya mashine yangu kimyakimya. Ukaiangalia nikiiwasha, ukashika kipaza sauti ukasema, "Hii mashine ya Semboja ya kupukuchua mahindi inapiga kelele mpaka nguruwe pori wa Handeni wamehamia Kilindi. Ningekuwa mimi ofisa wa hapa, Jumatatu tu ningempiga kufuli Mzigua huyu, mpaka ajue kwamba mahindi yanapukuchuliwa, hayapigwi mawe." Watu walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Mimi pia nilicheka, na hapo gunzi lilikuwa limeshanipiga sikioni.

Sasa jana Jumatatu nafika karakana, namkuta yule ofisa mgeni wa halmashauri, Bwana Yordani, ambaye kwao ni Bukoba, amesimama mlangoni na kufuli jipya. Akafunga. Akasema anatekeleza agizo la mgeni rasmi. Nikacheka, nikamkaribisha chai. Hakucheka wala hakunywa. Nikasema moyoni, Stefano amemfundisha vizuri mtu huyu, anaigiza kama yule wa kwenye redio.

Basi nimekubali, umenishika. Baba yako alipomkamatia marehemu baba yangu baiskeli kule kambi ya mkonge Mazinde, siku ya msiba wa bibi, baba alitoa jogoo akarudishiwa baiskeli yake, na watu wakala wakacheka. Mimi ni mtoto wa baba yangu. Jogoo huyo hapo. Sema kufuli lifunguliwe, maana mahindi yameanza kuvunwa na wateja wananiulizia.

Umle, na ukishiba ushuke huo mlima wako taratibu. Nyie mkishuka mnatembea kama watu wanaotafuta sindano.

Mimi mtani wako,
Mustafa Semboja

Mke wangu Faudhia anakusalimu. Anasema yeye ni mtu wa Dindira, milimani kwenu, haingii kwenye ugomvi wetu.


Korogwe
13 Julai 2024

Mtani wangu Mustafa, mnywa vumbi,

Waziri amefika salama. Aliyefika na jeraha ni Muhsin, ana plasta kidoleni na hataki kusema ilikuwaje. Tumemla Alhamisi. Amechinjwa na jirani yetu mzee Ramadhan, ili siku ukija usiseme nyumbani kwa Stefano kuna mchuzi usioliwa. Paulina mke wangu anasema nyama ilikuwa ngumu kama kichwa cha mwenyewe aliyeituma. Aliichemsha mpaka mkaa ukaisha.

Nimemsomea hiyo hadithi yako ya kufuli mpaka machozi yakamtoka. Na huyo ofisa wa Bukoba uliyemtunga, asiyecheka wala kunywa chai, umemtunga vizuri sana. Kumbe Wazigua nanyi mna watunzi. Basi sikiliza hukumu. Jogoo mmoja, tena mgumu vile, hafungui kufuli. Lete beberu.

Sasa tuache mzaha kidogo, maana wewe ni mtu wa vyuma na haya siwezi kuongea na kila mtu. Unajua mama yangu alichuma chai Dindira mpaka vidole vikawa vyeusi, mgongo ukapinda, na alizikwa umepinda hivyohivyo. Mimi niliingia siasa kwa sababu ya mgongo ule. Nataka viwanda vya kweli, Mustafa. Nimeonyeshwa picha za kiwanda kimoja huko nje. Mkonge unaingia mbichi upande huu, unatoka zulia upande ule, na watu wa mle ndani wamevaa makoti meupe wanaangalia vioo tu. Hakuna aliyepinda. Kitu kama hicho nataka nikione Mazinde, kitu kama hicho nataka Handeni, hata kama nitachekwa bungeni. Bila teknolojia kubwa tutabaki kuuza malighafi na kununua kamba.

Kwa hiyo nikiona mashine iliyoungwa kwa ringi ya trekta na pipa la mafuta, mtani, nacheka, lakini ndani yangu nasikitika kwamba hapo ndipo tulipofika.

Haya, nisikuchoshe. Msalimie Faudhia, mwambie mlimani mvua ipo.

Wako,
Stefano


Kwamkole
16 Julai 2024

Mheshimiwa Mtani,

Beberu huyo. Jina lake hana, wewe utampa. Muhsin amekubali kumpandisha kwenye basi kwa sharti kwamba asikae naye karibu.

Barua yako nimeisoma, na ile sehemu ya viwanda nimeirudia. Ringi ni ya trekta kweli na pipa ni la mafuta kweli.

Faudhia ananiuliza kila siku kama hili la kufuli ni utani au siyo. Namwambia ni utani. Baba alinifundisha kwamba mtani hakasiriki wala halalamiki, akishikwa anajikomboa, basi. Kwa hiyo silalamiki. Nakupa habari tu. Wanawake wa hapa wamerudi kujaza mahindi kwenye magunia na kuyapiga kwa fimbo, nasikia vishindo tangu asubuhi. Wapo waliokuja na mahindi yao mpaka mlangoni kwangu, wakaliona kufuli, wakageuza. Rukaya, yule binti anayefanya kazi kwangu, anayechomelea vizuri kuliko mimi, aliondoka jana kwenda Mazinde kutafuta kibarua kwenye mkonge. Ana mama wa kumlisha, sikuweza kumzuia. Vifaa vyote vimefungiwa ndani. Msimu huu ukinipita bila kufungua, sitakuwa na la kufanya mpaka mwakani, na sidhani kama mwakani karakana itakuwepo.

Kama baada ya mbuzi kuna ng'ombe, niambie mapema. Ng'ombe sina.

Mtani wako,
Mustafa


Korogwe
18 Julai 2024

Mtani,

Naandika nimesimama, gari linapiga honi nje. Nakwenda Dar kwenye semina ya teknolojia ya viwanda, nitarudi wiki ijayo.

Sasa umevuka mpaka. Nilisema beberu, nawe umeleta beberu wa kweli. Amekula maua yote ya Paulina na sasa anaangalia mapazia. Mimi ni mbunge, Mustafa. Mbuzi wa mtu akionekana kwangu watu watasema nimehongwa na Mzigua, na mbaya zaidi watasema nimehongeka kwa mbuzi mmoja. Nimempeleka kwa mzee Ramadhan akae huko mpaka nirudi.

Barua yako nimeisoma nusu, hiyo nyingine nitaisoma nikitulia. Kufuli libaki hapohapo, kesi inaendelea kusikilizwa.

Stefano


Kwamkole
22 Julai 2024

Kaka yangu Stefano,

Habari za huko, na Paulina na watoto hawajambo? Sisi tunashukuru Mungu kwa uzima.

Barua hii haina utani ndani yake, naomba uisome yote ukiwa umekaa. Mume wangu ni Mzigua, wewe ni Msambaa, kwa hiyo mnaruhusiwa kuchezeana mpaka mchoke. Mimi ni wa Dindira na wewe ni wa Bungu. Tumekunywa maji ya mlima mmoja. Mimi na wewe hatutaniani, tunaambiana.

Kufuli lipo. Yordani yupo. Hakutungwa na mtu. Ni mtu mzima ana mke na mtoto mchanga, wanakaa nyuma ya msikiti. Alisimama chini ya jukwaa siku ile ya maonyesho akakusikia ukisema kwa kipaza sauti kwamba karakana ya Semboja ipigwe kufuli Jumatatu, na Jumatatu akalipiga. Mimi nimekwenda kwake mwenyewe. Akanikalisha kwenye kiti kwa heshima, akaniambia, "Mama, mgeni rasmi alitamka mbele ya umati. Mimi ni nani wa kusema sikusikia?" Sikumlaumu. Kwao hawana huu utani wenu, na hakuna mtu aliyemkalisha akamweleza.

Mustafa yeye aliamini umemtuma ofisa kwa mchezo, kama wazee walivyokuwa wakikamatiana vitu. Ndiyo maana akatuma jogoo. Ulipojibu kwa kucheka na kutaka mbuzi, akazidi kuamini, akatuma mbuzi, na yule ndiye alikuwa beberu wetu pekee. Sasa haamini tena, ila haniambii. Nimemwambia panda basi nenda Korogwe ukaongee na mtu. Anasema akienda kwako na uso wa huzuni atakuwa ameuvunja utani wa baba yake. Basi anakaa uani na kipande cha pipa, anakikunja anakikunjua, kazi ya kupoteza siku.

Kaka, lililonifanya nishike kalamu ni hili. Siku aliyosoma barua yako ya viwanda alikula kidogo tu akasukuma sahani. Baadaye akaniuliza, "Faudhia, kwani hiki ninachofanya ni aibu?" Nimeolewa na mtu huyu tangu ukoo wake wote ukiwa hai, nimemwona akifiwa, nimemwona akiugua, na swali kama hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Nilitaka kulia lakini nikaosha vyombo.

Umeandika habari za mama yako na chai. Mama yangu pia alichuma Dindira, huenda walipokezana kapu. Hizo mashine za kuangalia vioo hazikumfikia mama yako wala wangu, na mimi siombi zisije, zije hata kesho. Ila ya Mustafa ilishafika. Mwaka jana ndio mwaka wa kwanza tangu niolewe ambao sikupiga mahindi kwa fimbo. Bega langu la kulia lilipona. Wiki hii limeanza tena kuuma. Wewe ulikuwa unaitafuta teknolojia ya kumwondolea mwanamke mgongo uliopinda, ukaja ukapita mbele yake ukaifanyia kichekesho.

Sikuandikii kukutukana. Nakujua moyo wako, ndiyo maana nimeandika. Mustafa hajui kwamba nimekuandikia. Ukitaka kumwambia mwambie, lakini baada ya kufungua.

Ni mimi dada yako,
Faudhia


Korogwe
25 Julai 2024

Dada yangu Faudhia,

Shikamoo. Najua tunalingana umri, lakini leo naona ni lazima nikuamkie.

Nimerudi jana nikaikuta barua yako juu ya meza. Nikaisoma nimekaa, kama ulivyoniambia. Kisha nikaitafuta ile ya Mustafa niliyoisoma nusu, nikaimaliza. Vyote alivyokuwa ananieleza vilikuwa kwenye nusu ya chini. Nilikuwa nikikimbilia semina ya teknolojia ya viwanda nikiwa na barua ya kiwanda kilichofungwa kwa kinywa changu, imo mfukoni mwa koti. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu niwe mtu mzima. Paulina amesoma baada yangu, hajaniongelesha mpaka sasa.

Nilimpigia Yordani hapohapo. Nikamwambia, ndugu yangu, yale niliyosema jukwaani yalikuwa utani. Akauliza kwa adabu kabisa, "Mheshimiwa, utani? Mbona ulikuwa umevaa suti?" Swali hilo nimelala nalo. Mustafa anapoongea yeye ni Mustafa tu. Mimi nikishika kipaza sauti kuna watu wanasimama wima chini yangu, na nilisahau. Nimemwomba radhi Yordani, hana kosa, na nimewaambia wakubwa wake hivyo ili asije akabebeshwa mzigo wangu.

Alitaka kwenda kufungua usiku uleule. Nimemzuia, naomba univumilie kwa hili. Kwa desturi yetu kitu kilichokamatwa na mtani kinaachiliwa na mtani mwenyewe, mbele ya watu walewale waliocheka. Kama Yordani akifungua kimyakimya, watu watasema Semboja alikuwa na kosa akasamehewa. Kwa hiyo kesho Ijumaa asubuhi nakuja, na nataka nifike mapema kabla watu hawajaenda msikitini. Wakusanye akina mama na mahindi yao, hata yaliyo kwenye magunzi. Waambie chochote, ila usimwambie mwenyewe. Barua hii namkabidhi Muhsin wa basi la mchana akupe mkononi.

Na lile swali alilokuuliza Mustafa, naomba nilijibu mimi.

Kaka yako,
Stefano


Handeni
27 Julai 2024

Ndugu Mustafa Semboja,
Kwamkole.

YAH: KUFUNGULIWA KWA KARAKANA YAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Napenda kukutaarifu kwamba karakana yako imefunguliwa rasmi kuanzia tarehe 26 Julai 2024, jambo ambalo unalijua kwa kuwa ulikuwepo, lakini nimeona pia likae kwenye maandishi ili asitokee mtu mwingine wa kukusumbua.

Baada ya hayo naomba niandike kama mtu wa kawaida. Mzee Semboja, samahani sana. Siku ile ulinikaribisha chai mlangoni mwa karakana niliyokuwa naifunga, nikadhani unanidhihaki au una jambo la kunishawishi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nimekutana na mtu wa ajabu, anafungiwa kazi yake anacheka. Jana mzee mmoja amenikalisha akanieleza utani ni nini, akaniambia Wahaya na Wazigua hawana, lakini kwa kuwa nimeshamfunga Mzigua na Msambaa kwa kufuli moja, mimi sasa nimeshaingia. Sikujua kama nifurahi.

Ile chai, kama bado ipo, naomba nije kuinywa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Yordani


Kwamkole
31 Julai 2024

Mheshimiwa Mtani, mbunge wa magunzi,

Uvimbe wa kwenye paji umeshuka? Nauliza kwa sababu hapa kijijini wanasema ulipoingia kwenye gari ulikuwa na macho mawili na nundu moja, na wapo wanaodai nundu ndiyo iliyokuwa imekaa kiti cha mbele. Wewe uliisema mashine yangu kwamba inapiga mawe, basi imekuonyesha. Nilikuambia usimame upande wa kushoto. Mtu wa mlimani hajui kushoto kwake ni wapi, anajua juu na chini tu.

Sitasahau ulivyoingia. Nimekaa uani na kipande changu cha pipa, nasikia vigelegele barabarani, nikadhani ni harusi. Kutoka nje namwona Msambaa na suti, amemshika beberu wangu kamba, beberu anamvuta, na nyuma yake wanawake wa Kwamkole nzima na magunia vichwani. Mke wangu yuko mbele yao anajifanya hajui kitu. Faudhia hajui kudanganya, masikio yalikuwa yanamcheza. Alinieleza habari ya barua zenu jioni ile. Nilitaka kununa, nikashindwa.

Kwa jogoo mmoja umenirudishia majogoo watatu na mtetea. Hilo nimelipokea. Mtetea ameanza kuwaonea wenzake, atakuwa wa kwenu.

Uliposhika kipaza sauti tena nilirudi nyuma hatua mbili, nakwambia kweli. Nikasema huyu atatania tena, na Yordani yule pale na ufunguo. Hukutania. Ulisema maneno mengi ya viwanda, mengine sikuyasikia kwa sababu ya beberu, lakini haya niliyashika. Ulisema, "Nilikuwa naitafuta teknolojia kwa kuangalia juu kwenye mabomba ya moshi. Ringi hii ilikuwa imetupwa. Mtu wa hapa akaifikiria, ikawatoa wanawake wa hapa fimbo mikononi. Kama hicho si kiwanda, basi sijui Dar nilikwenda kusomea nini. Bado navitaka vile vikubwa, sijabadilika. Ila kikubwa kikija kikute hiki kiko wazi." Kisha ukanigeukia ukasema si aibu. Watu hawakujua unajibu nini. Mimi nilijua. Faudhia aliangalia pembeni akajifunga upya kitenge ambacho hakikuwa kimelegea.

Sasa habari za kazi. Tumepukuchua tangu Ijumaa mchana, na leo ndio napata nafasi ya kukaa. Rukaya amerudi kutoka Mazinde, mikono imechanwa na miiba ya mkonge, akaja moja kwa moja kushika mashine ya kuchomelea bila hata kusalimia. Na kile kipande cha pipa nilichokuwa nakikunja kule uani, nimemwonyesha, akakitazama, akasema mzee hiki ni kifuniko. Kumbe muda wote nilikuwa natengeneza kifuniko cha mdomo wa mashine na sijui. Tumekichomelea juzi. Magunzi hayaruki tena na kelele imepungua nusu. Kwa hiyo wewe utakuwa mtu wa mwisho kupigwa na gunzi la Semboja, na ni mbunge. Tutaliandika mlangoni.

Yordani alikuja kunywa chai. Alikunywa tatu. Alipoondoka nilimfungia pikipiki yake kwa kufuli lake mwenyewe, lile alilosahau kwangu. Alisimama akaniangalia, akaliangalia kufuli, kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Kesho yake akaleta ndizi zilizofikia Korogwe kwa basi kutoka kwao. Huyu atafaa.

Sasa mtani, kuna kitu kimoja naandika bila utani, nakiandika mara moja tu, na usinijibu. Niliogopa. Nilikaa pale uani nikaogopa kwamba mikono yangu hii haina maana tena, na kwamba mtu aliyeniambia hivyo ni wewe, ambaye baba zetu walilala chumba kimoja kambini. Ijumaa ulipozungusha ufunguo nilisikia kifua kinafunguka kabla ya mlango. Ahsante.

Basi, imekwisha. Rudi kwenye magimbi yako.

Mimi ambaye bado nipo wazi,
Mustafa Semboja


Korogwe
4 Agosti 2024

Mtani Mustafa,

Nundu imeshuka. Paulina ameanza kuniongelesha, kwanza alianza kwa kuniuliza nimekula, sasa tumefika kwenye mambo ya kawaida.

Juzi nilialikwa kuongea Bungu, nyumbani, mambo ya vijana na viwanda. Hotuba ilikuwa imeandikwa na ina yale makoti meupe. Nikaisoma nusu, na nusu ya chini nikaiacha mfukoni, nikawasimulia karakana ya mtu mmoja wa Handeni. Wakauliza mashine hiyo inapatikana wapi, maana nao wana mahindi. Kwa hiyo jiandae, wiki ijayo Wasambaa wanashuka kwako. Utawatambua kwa mwendo.

Ule mstari nimeusoma. Umesema nisijibu, sijibu. Nimeukata na mkasi nimeuweka kwenye Biblia ya mama, mahali ambapo Muhsin wala mtu wa simu hafiki.

Ila kuna jambo linanisumbua. Katika barua yako nzima umenitukana mwanzo na mwisho tu, katikati ukanishukuru. Mtani, mimi pia ni binadamu. Nilipofika kwenye neno ahsante nilimwita Paulina nikamuuliza kama Mustafa anaumwa. Tafadhali, katika barua ijayo, nitukane vizuri mwanzo mpaka mwisho, nipate usingizi.

Wako, mwenye nundu,
Stefano